Nani Aliificha Sabuni? Ubishi wa Watanzania Katika Miaka ya Dhiki

Ukimuuliza Mtanzania aliyekuwa mtu mzima mwaka 1983 maisha yalikuwaje, mara nyingi ataanza na sabuni. Atakutajia foleni iliyoanza alfajiri nje ya duka la kaya, watu wakiweka mawe na vikapu kushika nafasi, na muuzaji aliyetoka baadaye kutangaza kwamba mzigo umekwisha. Atakutajia ugali wa yanga, uliosongwa kwa unga wa mahindi ya njano ya msaada. Ukimpa nafasi ataendelea hadi kwenye kilichokuwa kikisemwa pale, kwa sababu watu wale hawakusimama kimya. Walibishana: dhiki hii imetoka wapi, nani anafaidika nayo, na nani wa kuiondoa?

Ubishi ule unastahili kuchambuliwa upya kwa utulivu. Kila uchumi unapoyumba, maswali yaleyale hurudi vijiweni, sokoni na ndani ya daladala, na majibu yaleyale hurudi nayo. Hoja yangu ni kwamba wananchi wa wakati ule walikuwa na maelezo kadhaa ya dhiki yao, na kila moja lilishika sehemu ya ukweli. Tatizo ni kwamba si yote yaliyoruhusiwa kusemwa kwa sauti. Nchi ilitumia miaka ikilifanyia kazi lile lililokuwa jepesi kulisema.

Dhiki iliingiaje?

Tanzania iliingia katika miaka ya 1980 ikiwa imepigwa kutoka pande nyingi kwa mpigo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, mpaka na Kenya ukafungwa, na serikali ikalazimika kujenga upya huduma zilizokuwa za pamoja, kuanzia reli hadi ndege na posta. Bei nzuri ya kahawa, iliyotokana na baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, ilikuwa imepita. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yakavamia Kagera. Vita vilivyofuata viliwafikisha askari wa Tanzania Kampala Aprili 1979, na gharama yake hukadiriwa kufikia dola milioni 500. Mwaka huohuo wa 1979 bei ya mafuta duniani ikapaa tena. Ukame nao haukukaa mbali.

Baada ya vita Rais, Mwalimu Nyerere, aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Walifunga. Miezi 18 ikapita, mikanda ikabaki palepale.

Kwa mfanyakazi wa kawaida, dhiki ilikuwa hesabu. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa shilingi 600 kwa mwezi mwaka 1981, kikapanda hadi 810 mwaka 1984. Kwa kutazama tu, hilo ni ongezeko la asilimia 35, nalo si dogo. Lakini katika miaka hiyo mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 30 kila mwaka, na mfumuko hujijumlisha: asilimia 30 ya mwaka wa pili huongezwa juu ya bei iliyokwishapanda mwaka wa kwanza. Kwa miaka mitatu mfululizo, kitu cha shilingi 100 hufika shilingi 220 hivi. Mfanyakazi wa shilingi 600 alihitaji zaidi ya shilingi 1,300 ili abaki pale alipokuwa, naye alipewa 810. Tena hesabu hiyo ni ya bei rasmi. Bidhaa nyingi hazikupatikana kwa bei rasmi hata kidogo.

Maelezo matatu

Kwa hiyo watu walitafuta sababu, na maelezo yao yalikuwa ya aina tatu.

La kwanza lilimtaja mlanguzi. Bidhaa zipo, walisema, ila kuna watu wanaozificha ili ziadimike, kisha wanazitoa usiku kwa bei ya kuruka. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho. Sukari iliyokosekana duka la kaya ilipatikana nyumba ya tatu kwa anayejuana na mwenyewe. Maelezo haya ndiyo yaliyosikika zaidi redioni na katika mikutano ya hadhara, na mwananchi wa kawaida aliyakubali kwa kuwa yalilingana na alichokiona.

La pili lilitaja dunia ya nje. Mafuta yamepanda, mazao yetu yameshuka, vita vimetumaliza, na wakopeshaji wanatubana. Mwalimu mwenyewe alipenda kulieleza kwa mfano wa trekta na mkonge: mwaka hadi mwaka mkulima alitakiwa kutoa tani nyingi zaidi za mkonge kununua trekta lilelile. Mfano huo ulieleweka hata na asiyejua kusoma, na ulikuwa wa kweli.

La tatu lilisemwa kwa sauti ya chini, baada ya kuangalia ni nani mwingine aliyekaa kwenye benchi. Lilisema kwamba sera zenyewe zina kasoro. Mkulima analipwa kidogo na kwa kuchelewa, ndiyo maana ameng'oa mibuni au anauza kahawa kwa magendo ng'ambo ya mpaka. Kiwanda cha umma kinapata hasara kila mwaka na hakuna anayewajibishwa. Kibali cha kuagiza bidhaa kinatolewa mezani kwa mkubwa, na anayekipata amepata utajiri. Nchi ilikuwa ya chama kimoja na balozi wa nyumba kumi alikuwa jirani, kwa hiyo maneno haya yalihitaji tahadhari. Lakini yalisemwa, na si vijiweni tu. Edwin Mtei, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alijiuzulu mwaka 1979 kwa sababu alitofautiana na Mwalimu juu ya mashauriano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Aliamini nchi inapaswa kurekebisha thamani ya shilingi na sera zake. Mwalimu aliona huko ni kuikabidhi nchi kwa wageni, na mwanzoni mwa mwaka 1980 aliwauliza mabalozi wa nchi za nje hadharani ni lini shirika hilo lilifanywa kuwa wizara ya fedha ya dunia.

Kwa hiyo mgawanyiko wa kijiweni ulikuwa pia ndani ya Baraza la Mawaziri. Watu wa foleni hawakuwa nyuma ya wataalamu, ila hawakuwa na mahali pa kuuweka ubishi wao mezani.

Mlanguzi alitoka wapi?

Tuanze na maelezo ya kwanza, maana ndiyo yaliyoongoza vitendo vya serikali. Je, mlanguzi alikuwepo? Alikuwepo. Alificha bidhaa? Alificha. Basi ndiye aliyeleta uhaba? Hapo inabidi tupige hesabu polepole.

Chukua kipande cha sabuni. Tume ya Bei, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikuwa ikipanga bei za maelfu ya bidhaa nchi nzima, pamoja na sabuni. Tuseme kwa mfano tu kwamba imepangiwa shilingi 10. Kiwanda kinahitaji malighafi na vipuri kutoka nje, na hivyo hununuliwa kwa fedha za kigeni. Fedha hizo zimekwisha kwa sababu mauzo ya nje yameanguka na mafuta yamemeza sehemu kubwa ya kilichobaki. Kiwanda kinafanya kazi kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wake, kama vilivyokuwa viwanda vingi nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sabuni inayotoka inatosheleza familia moja kati ya nne, tuseme. Kwa shilingi 10 kila familia inaitaka, lakini wale wanaoihitaji zaidi wako tayari kulipa 50.

Sasa yule aliyepata katoni kwa bei ya 10 ana faida ya shilingi 40 kwa kila kipande, hata kabla hajafanya lolote. Faida hiyo haikuumbwa na ujanja wake. Imeumbwa na pengo kati ya bei iliyoandikwa na wingi wa mali uliopo. Mtu yeyote anayeshika mzigo njiani, awe meneja wa kampuni ya biashara ya mkoa, dereva, karani wa ghala au muuzaji wa duka la kaya, anakaa juu ya pengo hilo. Ukimfunga huyu, anayeshika nafasi yake anakuta shilingi 40 zilezile zikimsubiri. Mlanguzi alikuwa mtoto wa uhaba. Baba wa uhaba alikuwa kwingine: kwenye mauzo ya nje, kwenye thamani ya shilingi, kwenye bei aliyolipwa mkulima.

Hilo la mkulima ndilo lilikuwa kiini. Fedha za kigeni zilitoka shambani: kahawa, pamba, korosho, mkonge, chai, tumbaku. Mamlaka za mazao zilinunua kwa bei iliyopangwa, zikakata gharama zao zilizokuwa zikikua, na mkulima akabaki na kiasi kilichopungua thamani kila msimu. Vyama vikuu vya ushirika, ambavyo vingeweza kumsemea, vilivunjwa mwaka 1976. Mkulima hakugoma kwa mabango. Alipunguza kulima zao la biashara, akapanda chakula, au akavusha magunia kwa njia za panya. Mkonge, uliokuwa ukizalishwa kwa zaidi ya tani 200,000 katikati ya miaka ya 1960, ulishuka chini ya tani 50,000 miaka 20 baadaye. Kila tani iliyopungua ilikuwa dola zilizopungua, na kila dola iliyopungua ilionekana kwenye foleni ya sabuni.

Thamani ya shilingi iliongeza uzito huo. Thamani rasmi ilipangwa juu sana kulinganisha na ile ya mitaani, kwa hiyo kila dola ya kahawa ilimrudishia mkulima shilingi chache kuliko alizostahili. Aliyepata kibali cha kununua dola kwa kiwango rasmi, kinyume chake, alipewa zawadi. Sera iliyokusudiwa kumlinda mnyonge ilikuwa ikichukua kijijini na kumpa mwenye kibali mjini. Ndiyo maana yale maelezo ya tatu, ya sauti ya chini, yalikuwa na uzito ambao redio haikuupa.

Msako wa 1983

Februari 1983 Edward Sokoine alirudi kuwa Waziri Mkuu, na Machi mwaka huo serikali ikaanza msako wa wahujumu uchumi. Zaidi ya watu 1,000 walikamatwa. Sheria maalumu ikatungwa baada ya msako kuanza, ikarudishwa nyuma ili iwaguse waliokwisha kamatwa. Watuhumiwa walipelekwa mbele ya chombo maalumu nje ya mahakama za kawaida, bila dhamana na bila haki ya wakili. Waliokuwa na bidhaa waliingiwa na hofu. Wengine walizitupa baharini au kuziacha barabarani usiku kuliko kukutwa nazo.

Ni lazima tuseme kweli: wananchi wengi walishangilia. Sokoine aliaminika kuwa mtu asiye na doa, na kwa mara ya kwanza vigogo waligongewa milango. Kifo chake katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 kililiza nchi nzima, na kilio kile hakikuwa cha kuigiza. Mtu aliyesimama foleni tangu alfajiri, kisha akamwona jirani akishusha katoni usiku, ana haki ya hasira yake.

Lakini hasira ya haki na tiba sahihi ni vitu viwili. Kwa wiki chache maduka yalipata mzigo uliotoka mafichoni. Ulipokwisha hapakuwa na mwingine wa kuufuata, kwa sababu kiwanda bado hakikuwa na malighafi. Wafanyabiashara waliobaki waliogopa hata kusafirisha bidhaa halali. Wanaojua siku zile hukumbuka kwamba baada ya msako uhaba ulizidi. Na haki nayo iliumia, maana watu waliwekwa ndani kwa mali waliyoweza kuieleza laiti wangepewa nafasi. Mwaka 1984 serikali yenyewe iliifuta sheria ile na kuweka nyingine iliyorudisha kesi hizo chini ya Mahakama Kuu.

Mjadala unafunguka

Katika mwaka uleule wa msako lilitokea jambo jingine ambalo huzungumzwa kwa uchache. Mapema mwaka 1983 Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM, chama tawala, ilitoa mapendekezo ya kubadili Katiba, ikawaalika wananchi wayajadili. Kwa karibu mwaka mzima watu walizungumza: matawini, vyuoni, magazetini, misikitini na makanisani. Waliruhusiwa kujadili Katiba, nao wakaitumia ruhusa hiyo kujadili maisha. Walidai haki za raia ziandikwe, na wakauliza madaraka ya viongozi yaishie wapi. Zanzibar mjadala ulifika kwenye muundo wa Muungano, na Januari 1984 Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe, akajiuzulu. Marekebisho ya 1984 yaliingiza Hati ya Haki katika Katiba na kuweka ukomo wa vipindi viwili kwa Rais.

Haikuwa bahati kwamba dai la haki lilikua pamoja na uhaba. Aliyekamatwa bila wakili, kijana aliyesombwa mitaani katika operesheni ya Nguvu Kazi kwa kuonekana mzururaji, mama aliyenyang'anywa vitumbua kwa kukosa leseni, wote walikuwa wamejifunza kwa mwili wao kwamba uchumi na sheria havitengani. Mama yule ndiye aliyekuwa akilisha nyumba. Mshahara wa mume ulipokwisha kabla ya katikati ya mwezi, vitumbua, maandazi, kuku wa uani na bustani ya mchicha vilijaza pengo. Kumwita mhujumu kulikuwa ni kuihukumu familia kwa kosa la kutokufa njaa.

Serikali ikaanza kusikia. Mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi, yaliyokuwa yakibeba abiria wa Dar es Salaam kwa kujificha kwa sababu ya upungufu wa mabasi ya shirika la umma, yalipewa ruhusa. Ndiyo daladala za leo. Novemba mwaka huo mpaka na Kenya ukafunguliwa. Bajeti ya Juni 1984, iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, ilishusha thamani ya shilingi hadi 17 kwa dola, ikaondoa ruzuku ya sembe, ikapandisha mishahara, na ikawaruhusu watu wenye fedha zao nje waagize bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Katika miezi michache maduka yakaanza kuwa na vitu. Nguo, sabuni, betri na vipuri vya magari vilirudi, na foleni zikafupika.

Ilichofanya bajeti ile ni kuliziba pengo la shilingi 40. Mali ilipoongezeka na bei ikaachwa ilingane nayo, kazi ya kuficha ikakosa faida.

Ruksa na gharama yake

Ali Hassan Mwinyi alishika urais Novemba 1985, na Agosti 1986 Tanzania ikafikia mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Shilingi ilishushwa hadi 40 kwa dola. Wananchi wakampa Rais jina la Mzee Ruksa, jina la upendo.

Kama tungeishia hapa, tungesema maelezo ya tatu yalishinda na hadithi imekwisha. Haikuisha. Katika miaka iliyofuata maduka yalijaa, lakini wengi waliyatazama kwa nje. Mshahara haukuifuata bei. Kadiri mageuzi yalivyoendelea, karo na malipo ya hospitali vikarudi kwa sura ya kuchangia gharama. Viwanda vya nguo, ambavyo kweli vilikuwa na kasoro, vilifungwa kimoja baada ya kingine, na wafanyakazi wake wakaenda kutafuta maisha mitaani. Waliokuwa wakionya kwamba soko halimwoni asiye na pesa hawakuwa wajinga. Waliona mbele.

Ndiyo sababu siwezi kuwapa ushindi wataalamu wa mageuzi peke yao, wala kuwacheka wazee wanaomkumbuka Mwalimu kwa machozi. Walioitetea sera ya zamani walikuwa sahihi juu ya lengo: kwamba mtoto wa maskini asome na atibiwe. Walikosea njia waliyoamini ingefika huko. Walioidai njia mpya walikuwa sahihi juu ya njia, lakini wengi wao walisahau kuuliza nani ataachwa nyuma. Kama pande hizo mbili zingekaa meza moja mwaka 1979, wakati Mtei alipokuwa bado ofisini, huenda mageuzi yangekuja mapema, kwa masharti yetu na kwa maumivu machache. Badala yake yalikuja mwaka 1986, hazina ikiwa tupu na mkopeshaji akiwa ameshika kalamu.

Tujadili vipi dhiki ya leo?

Leo hatuna foleni ya sabuni, lakini bei ya mafuta ikipanda tunamtafuta mwenye kituo, sukari ikiadimika tunamtafuta mwenye ghala, na dola ikikosekana tunamtafuta mbadilishaji fedha. Pengine wana makosa, na wenye makosa washitakiwe mbele ya mahakama ya wazi. Lakini kabla ya kumtaja mtu, tuulize kitu chenyewe kimepungua wapi: shambani, bandarini au kiwandani? Tuulize pengo la bei limetoka kwenye uamuzi gani, na uamuzi huo ulifanywa na nani, kwa faida ya nani. Kisha tuulize dawa inayopendekezwa itamwacha nani bila kitu. Maswali hayo hayahitaji shahada. Watu wa foleni waliyajua yote, na majibu yao mengi yalithibitishwa na miaka.

Kwa viongozi, funzo la miaka ile ni zito zaidi. Mficha uchi hazai. Serikali inayowaacha watu wabishane kwa uhuru wakati wa dhiki hupata habari bure ambazo hakuna idara inayoweza kuzikusanya: mkulima ameacha kulima nini, mzigo umekwama wapi, nani anauza kibali. Kati ya ombi la kufunga mikanda kwa miezi 18 na bajeti ya 1984 ilipita miaka mitano. Sehemu kubwa ya muda huo, jibu lilikuwa tayari linasemwa vijiweni, kwa sauti ya chini. Basi tuwaache watu waseme kwa sauti kubwa, na tuwasikilize kabla hazina haijakauka.